Walivyomsomea Baba Halbadiri

Wachoma chokaa wa kwetu Kiswere hawafi na macho yote mawili. Hilo baba alinifundisha kabla hajanifundisha kupanga magogo. Bahari ikitoka tulikwenda kuokota matumbawe, tukayarundika juu ya kuni za mikoko na vigogo vya minazi iliyozeeka, tukatia moto na kungoja mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Hapo kazi ngumu imekwisha, imebaki ya hatari, nayo ni kuzima. Jiwe lililoiva ukilimwagia maji hulia, hufoka, hupasuka, na yanayoruka hayachagui pa kutua. Babu yangu alikuwa na jicho moja. Mjomba wa baba alikuwa na jicho moja na nusu, ndivyo alivyosema mwenyewe kwa kucheka. Kila mtu kijijini aliwajua wazee hao, na kila mtu alijua kwamba chokaa ndiyo iliyowala macho.

Nalitanguliza hili kwa sababu siku lilipohitajika, watu wa kwetu walilisahau wote kwa pamoja.

Kila mwaka kabla ya mwandamo wa Ramadhani baba aliupaka msikiti chokaa, ndani na nje, bila ujira. Alisema hiyo ndiyo sadaka ya mikono yake. Ndani, karibu na mihrabu, ilining'inia taa ya shaba ambayo hujaji mmoja wa zamani, sijui wa enzi gani, alirudi nayo kutoka Makka. Ilikuwa na minyororo mitatu. Mmoja ulikatika nikiwa mdogo, baba akaunga pengo kwa waya: akauzungusha, akausokota, kisha akazirudisha ncha zake ndani ya msokoto ili zisimchome mtu anayetia mafuta. Hivyo ndivyo alivyofunga kila kitu, tangu matenga ya mawe mpaka mlango wa banda la kuku. Ungeweza kupita kijiji kizima ukajua baba alifanya kazi nyumba gani.

Mwaka taa ilipopotea, vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na vijana waliochukuliwa kwenda kupigana Bama walikuwa wameanza kurudi na makoti yao ya jeshi. Mimi nilikuwa naanza kuota ndevu na nilifanya kazi na baba kwenye tanuri. Baba alikuwa katika siku zake za kupaka msikiti. Kama kawaida aliishusha taa, akaiweka pembeni na kuifunika gunia isirukiwe na chokaa, akaendelea na kuta. Alipotoka jioni gunia lilikuwa limetuna. Asubuhi lilikuwa limelala bapa sakafuni.

Msikiti haukuwa na kufuli, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuingia. Lakini si mtu yeyote aliyekuwa na ndoo yake na brashi yake ya makumbi mle ndani. Watu hawakusema neno juu ya taa. Walimsalimia baba, wakauliza hali ya mama, wakauliza hali ya tanuri, kisha wakanyamaza muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu kunyamaza.

Sasa nimtaje mtu wa pili wa habari hii. Alikuwa msimamizi wa msikiti, mtu wa kanzu zilizopigwa pasi, mwenye minazi mingi kuliko mtu yeyote pale, na Bwana DC akipita kwenda Lindi alipumzishwa barazani kwake akapewa madafu. Mwaka ule alikuwa anajitayarisha kuoa mke wa pili, binti wa nyumba kubwa ya Lindi mjini. Watu walimpenda, na sisemi kwamba walilazimishwa. Alikuwa na sauti ya upole, na alikumbuka majina ya watoto wa watu.

Ijumaa, baada ya swala, alisimama akasema, "Ndugu zangu, taa ni chombo tu. Aliyeichukua ana shida zake. Tumwachie Mungu."

Watu wakaitikia kwamba ni maneno ya hekima. Baba akainuka kutoka safu ya tatu, na chokaa bado imemkauka kwenye vidole.

"Mimi sitaki aachiwe," alisema. "Niliyekuwa humu ndani na ndoo ni mimi, na hakuna asiyenitazama. Isomwe halbadiri. Nitakaa mbele kabisa, nyote mnione."

Asiyejua mambo ya kwetu ajue kwamba halbadiri ni kumshtaki mtu kwa Mungu. Watu wanakusanyika, ubani unafukizwa, yanasomwa majina ya mashujaa wa Badri, na mwizi, ajulikane asijulikane, anaombewa adhabu. Atavimba tumbo, au atarukwa na akili, au atapofuka, mpaka akiri au afe. Kwetu hata mwizi wa kuku akisikia tu kwamba mwenye kuku anatafuta ubani, atamrudisha kuku yule mlangoni amemfunga miguu. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na askari na mahabusu Kilwa, lakini hakuna aliyeiogopa vile. Askari unaweza kumtoroka kwa kupita porini.

Msimamizi alijaribu tena kuwatuliza watu, na kadiri alivyojaribu ndivyo walivyomwona mwema. Baba akashika msimamo. Mwishowe msimamizi akasema kama ndivyo, basi ubani utatoka kwake. Ulitoka kwake kweli, ubani safi, na mbuzi wa sadaka juu.

Ilisomwa baada ya swala ya alasiri. Baba alikaa mbele, miguu ameikunja, uso mkavu. Msimamizi alikaa kando ya imamu, na yalipofikiwa maombi ya adhabu alianza kulia. Alilia mabega yakamtikisika mpaka kanzu ikalowa kifuani. Wazee walitoka wakisema hawajapata kuona mtu mwenye hofu ya Mungu kama ile. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Leo bado nasema alikuwa na hofu ya Mungu siku ile, hofu ya kweli kabisa.

Wiki zilizofuata kijiji kizima kilikuwa kinachunguzana matumbo. Mtu akikohoa anatazamwa. Mzee mmoja alipata jipu, akajifungia ndani mpaka likapasuka, akatoka akiwaonyesha watu kovu. Msimamizi alikwenda Lindi akaoa, akarudi na bibi harusi, yeye mwenyewe mnene na mwenye afya, na akaagiza chokaa kwa baba. Alitaka vyumba vya mke mpya vipakwe.

Chokaa ile ndiyo iliyompofua baba. Tulikuwa tunaizima, mimi naleta maji, yeye anageuza kwa mwiko mrefu. Kulikuwa na jiwe moja kubwa lililoiva nje, na ndani bado lina moto wake. Lilipopata maji lilipasuka usawa wa uso wake. Nilimwona amesimama na uso mweupe wote, hajapiga hata kelele. Nikamburuta mpaka kwenye mtungi. Mama alikuja mbio, jirani aliyekuwa ananyonyesha akakamua maziwa yake machoni mwa baba kama tunavyofanya sisi, tukampaka na mafuta ya nazi. Jicho la kulia liliondoka palepale. La kushoto lilibaki na ukungu, nao ukafunga kabla mwezi haujaisha.

Watu walikuja kumpa pole. Walikuja wengi mno. Wakakaa ukumbini, wakanywa uji, na mmoja baada ya mwingine walisema neno lile lile kwa sauti ya chini: Mungu hamwonei mtu. Ni neno zuri, tena la kweli, na kwa mgonjwa mwingine lingekuwa faraja. Mama alipolisikia kwa mara ya tatu alichukua bakuli la uji mikononi mwa mgeni kabla hajamaliza, akalipeleka jikoni, hakurudi.

Hakuna aliyemkumbuka babu na jicho lake moja.

Tangu hapo sikuwa tena mwana wa mchoma chokaa, nikawa mwana wa aliyepigwa na halbadiri. Posa yangu huko Mchinga ilirudishwa kwa adabu, na maelezo kwamba binti bado mdogo. Aliolewa mwaka ule ule. Baba hakuacha kwenda msikitini. Nilimwongoza kwa fimbo, nikamsimamisha katika safu, na watu waliokuwa kushoto kwake walijisogeza kidogo kidogo hadi pakabaki nafasi ya mtu. Tunafundishwa kusimama bega kwa bega ili shetani asipate pa kupita. Kando ya baba shetani angeweza kupita na mzigo kichwani.

Msimamizi peke yake ndiye aliyekuwa akimshika baba mkono. Kila mfungo alituletea mchele na tende, yeye mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Watu wakasema, tazameni, aliibiwa taa ya msikiti wake naye anamlisha aliyeiiba. Baba aliupokea mchele ule akasema ahsante. Nami niliula. Njaa haiulizi mpishi.

Lakini kilichoniuma kuliko posa, kuliko safu, ni kwamba baba mwenyewe aliiamini hukumu. Alijua taa hakuichukua. Alijua pia kwamba alimwomba Mungu ampofue mwenye makosa, na Mungu amempofua yeye. Akakaa barazani akipekua maisha yake kama mtu anayechambua mchele, akitafuta jiwe. Na mwenye kutafuta hakosi. Akakumbuka kwamba mwaka mmoja wa njaa, matumbawe yalipokuwa mbali naye hana nguvu, alibomoa pembe ya kaburi moja la kale lililosahauliwa huko msituni, akayatia mawe yake tanurini. Chokaa yake aliiuza kwa muhogo tukala.

"Ni lile kaburi," aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokipoteza. "Si taa. Mimi nilidhani naitwa kwa taa, kumbe nimeitwa kwa kaburi. Mungu hakosei, mwanangu. Sisi ndio tunaokosea kesi."

Baada ya hapo alipata utulivu. Alileta istighfari zake asubuhi na jioni, na alituomba tumpeleke akalijenge upya kaburi lile kwa kupapasa. Tukampeleka. Alipanga mawe kwa mikono, akalipaka chokaa niliyomzimia mimi. Sikupata kumwona mtu akijenga vizuri vile.

Kiswere hapakuwa na mtu wa kunipa kazi, nikaenda Lindi. Mji ulikuwa na mkonge wake, na nyumba za serikali na za Wahindi zilizotaka kupakwa kila mwaka kabla ya masika. Kupaka najua, nikapata kibarua haraka. Siku moja niliitwa kwenye nyumba kubwa ya ghorofa moja, ya mtu wa heshima, niupake ukumbi wa wageni. Ukumbini kulitundikwa taa. Kazi yangu ilikuwa kushusha kila kilichotundikwa, kwa hiyo nikapanda kijingazi nikaishika.

Vidole vyangu viliijua kabla ya macho. Kwenye mnyororo mmoja kulikuwa na waya uliosokotwa, na ncha zake zimerudishwa ndani.

Nilishuka nayo nikaketi sakafuni. Mwenye nyumba alinikuta hivyo akadhani nina kizunguzungu, akaagiza nipewe maji. Alikuwa mzee mkarimu. Nilimwambia taa yake ni nzuri.

"Hiyo ni ya shemeji yangu," akasema kwa furaha. "Alipomuoa dada yangu aliileta pamoja na vitu vya mahari. Kasema ni ya mababu zake wa Kiswere. Sisi mbele yake tuliona haya, hatukuwa na kitu cha kulingana nayo."

Nikamaliza kupaka ukumbi ule. Niliupaka vizuri, kwani kuta hazikuwa na kosa. Taa niliirudisha mahali pake kwa mkono wangu, kisha nikashika njia ya Mchinga kwa miguu, nikienda nyumbani kumpa baba zawadi ambayo hakuna mtoto aliyepata kumpa mzazi wake. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Waliopishana nami huenda walidhani ni mwehu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Mama, aliyekuwa amekaa karibu akisuka ukili, aliacha kusuka.

"Umeiona vizuri?" baba akasema.

"Nimeushika waya wako."

Baba akasema, "Usimwambie mtu nikiwa hai."

Nilikasirika. Nilimwambia jina lake linaoza, na mtu yule anakula na kunenepa na amekwenda kuhiji kwa heshima za kijiji, na yeye anataka ninyamaze. Nilimpandishia baba yangu sauti, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Nisikilize," akasema. "Kama aliyechukua ni yule, na halbadiri ilisomwa mbele yake, na yeye haikumgusa, basi iliyonipata mimi ni nini?"

"Ni chokaa, baba. Ni chokaa tu, kama babu."

"Ndiyo hiyo. Mimi nimeshazoea kuwa mtu aliyehukumiwa na Mola wake. Nimetubu, nimejenga kaburi la watu, nimetulia. Wewe unataka kunifanya mtu aliyerukiwa na jiwe. Nikae gizani bure, bila sababu, mpaka nife? Niachie sababu yangu, mwanangu. Nikishakufa sema utakalo."

Mama alirudi kwenye ukili wake, akasuka kwa nguvu mpaka ukakatika. Mimi nilitoka nje. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, wanasema wahenga, lakini hawakusema mtu afanye nini ukweli ukija nyumbani na mwenye nyumba akauambia ungoje nje.

Ulingoja miaka. Baba alikufa kwa homa, kitandani pake, mchana, na kalima mdomoni. Nilikuwa nimejipanga. Kwetu, jeneza likishaswaliwa, kabla ya kuzikwa, imamu huwageukia watu akawauliza: mnamshuhudia vipi maiti huyu? Watu hujibu: mtu mwema. Tumefundishwa kwamba waja ni mashahidi wa Mungu katika ardhi, na wanavyomshuhudia maiti ndivyo huenda akahesabiwa. Sijapata kusikia jibu jingine. Hata kwa walevi na wapigaji wa wake zao, jibu ni hilo, na huwa linatoka haraka kwa sababu jua ni kali.

Imamu akauliza. Watu wakanyamaza.

Nilijua watanyamaza, nami nilikuwa nimejitayarisha. Nilivuta pumzi niseme: mwema, na nitawaambia kwa nini. Kabla sijafungua mdomo sauti ya upole ilitoka safu ya kwanza.

"Mtu mwema," alisema msimamizi. "Namshuhudia mbele ya Mungu, na nitakwenda kumshuhudia huko. Hakuwa na doa. Nimemjua maisha yangu yote, hakuwa na doa lolote."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Watu wote wakaitikia kwa mara moja: mwema, mwema, mwema. Tukazika.

Nimeyageuza maneno yale kila upande katika maisha yangu, na sikuona hata moja la uongo. Katika watu wote waliosimama pale, mimi na yeye tu ndio tuliojua kwa hakika kwamba baba hakuwa na doa. Akasema kweli, akailia kweli, na kijiji kikamsifu kwa ukubwa wa moyo wake. Njiani kurudi nilisikia watu wawili nyuma yangu wakisema, mtu anayemwombea mwizi wake vile, huyo ni walii.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa imamu nikamweleza yote: taa, ukumbi wa Lindi, shemeji, waya. Imamu alikuwa mtu wa elimu, na sidhani alikuwa mbaya. Alifikiri akapapasa ndevu zake.

"Una shahidi?"

"Taa yenyewe."

"Taa haisemi. Na kama ni kweli unayosema, umefikiria mwisho wake? Huyu ndiye aliyeanza kumshuhudia baba yako, na wote waliomshuhudia walimfuata yeye. Shahidi lazima awe mwadilifu. Ukimthibitisha kuwa ni mwizi, ushahidi wake umeanguka, na wa baba yako umekwenda nao. Ulisikia mwenyewe watu walivyonyamaza kabla yake."

Nikamwuliza ina maana baba yangu atakwenda peponi juu ya mgongo wa mwizi wake. Akasema nisitumie maneno ya namna ile, nirudi nyumbani nikamwombee mzazi wangu. Nikarudi.

Msimamizi naye aliugua mwishowe, kama wote. Alivimba miguu kwa uzee. Akaanza kuwaita watu mmoja mmoja awaombe radhi, kama ilivyo desturi ya mtu anayeona safari imekaribia. Chuoni tulifundishwa wazi: haki ya Mungu Mungu huisamehe akitaka, lakini haki ya mja hasamehe mpaka mja mwenyewe atoe radhi. Nilijua ataniita, na mama alijua. Aliponiita, mama aliniambia kitu kimoja tu: "Mwache aseme mwenyewe."

Chumba kilikuwa kile kile ambacho baba alikuwa anakizimia chokaa. Wanawe walikuwapo, na mkewe wa Lindi, na wazee wa msikiti. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba kwa shida, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi nakwenda. Nipe radhi. Yako, na kwa niaba ya marehemu baba yako."

"Kwa lipi, mzee?"

"Kwa lolote. Binadamu hatukosi kukoseana."

"Lolote halina mwenyewe," nikasema. "Litaje jina lake, nami nitakupa radhi sasa hivi, mbele ya hawa, na ya baba pia."

Wallahi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimefanya safari ile na radhi yangu mkononi. Neno moja tu, taa, ningelia naye na ningemzika kwa mikono yangu. Alinitazama, na nikajua kwamba anajua kwamba najua. Midomo yake ilicheza. Aliwatazama wanawe, akamtazama mkewe, akawatazama wazee waliomwita walii.

"Kwa yote," akasema.

"Yote ni mengi, mzee. Moja tu."

Akageuza uso ukutani, akauachia mkono wangu. Mwanawe mkubwa alinitoa nje kwa kunishika bega, na mlangoni akaniuliza mimi ni binadamu wa namna gani. Alikufa kabla ya Ijumaa. Imamu alipouliza mnamshuhudia vipi, msitu wote wa makaburini uliitikia: mwema. Mimi sikujibu. Hakuna aliyenisikia nisivyojibu.

Hadi hapo ningeweza kuishi. Mtu huyu amekwenda kwa hakimu asiyelishwa madafu, nilijiambia, yatosha.

Lakini kwenye hitima ya arobaini walikuja jamaa wa mkewe kutoka Lindi. Yule mzee mkarimu wa ukumbini alikuwa amekwisha kufa, waliokuja ni wanawe. Walikuja na kitu kimefungwa shuka jeupe, wakakifungua katikati ya msikiti. Walisema taa ile wameikuta nyumbani tangu wao watoto, wanaiona ni ya kale na ya heshima, nao wameitoa iwe sadaka inayoendelea, kila itakapowashwa thawabu zimfikie mume wa shangazi yao.

Wazee wenye kumbukumbu wakasogea. Mmoja akaupitisha mkono kwenye minyororo, ukasimama penye waya. Akaupapasa msokoto.

"Hii ni taa yetu," akasema taratibu. "Na huu ni mkono wa mchoma chokaa."

Wengine wakaushika, mmoja baada ya mwingine, nao wakasema ndio wenyewe, hakuna mwingine aliyefunga hivi. Nikadhani siku imefika.

"Kumbe aliiuza Lindi," akasema mzee yule. "Na tazameni ajabu ya Mungu, ikaangukia nyumba ya wakwe za marehemu, watu wema, wakairudisha bila hata kujua."

Msikiti mzima ukasema subhanallah. Nilisimama. Nilisema yote, kwa sauti, kwa mpangilio: gunia, mahari, ukumbi, maneno ya mzee wa Lindi kwa kinywa chake. Wanawe wakatazamana wakasema baba yao hakupata kuwaambia jambo hilo. Mtoto mkubwa wa msimamizi akainuka kunijia, imamu akamzuia. Kisha sauti moja nyuma ikasema, bila hasira, kama mtu anayewakumbusha wenzake kitu: "Huyu ndiye aliyemnyima radhi mtu anayekata roho." Baada ya hapo hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa. Ya kwetu ilitoka Kiswere ikafika Lindi, ikarudi na shuka jeupe.

Taa wameitundika pale pale pa zamani. Mwadhini huiwasha kila magharibi na kumwombea rehema msimamizi. Mimi nimeshika kazi ya baba, na jicho langu la kushoto limeshaanza ukungu, na kila mwaka kabla ya Ramadhani naupaka msikiti bila ujira. Naishusha taa, nafunika kwa gunia, nikimaliza naitundika tena. Nakagua waya kama umelegea. Haujalegea bado. Tumesoma kwamba siku ya Kiyama midomo itafungwa na mikono ndiyo itakayosema, nami huwa namwomba Mungu jambo moja chini ya mwanga wa taa ile: atakapoipa mikono ya baba ulimi, asianze kwa kuiuliza habari ya lile kaburi.